Mjadala: Mageuko yanaendeshwa na uteuzi asilia au na bahati tu?

Kiroboto (mleta mada)
Wakuu, nimechoka na watu wanaotaka kila kitu mwilini mwa kiumbe kiwe na kazi yake. Pembe ina sababu, madoa yana sababu, hata kidevu cha binadamu kinatafutiwa kazi kwa nguvu. Hoja yangu: sehemu kubwa ya mabadiliko ya DNA haikuchujwa na mazingira. Mutesheni, yaani herufi ya DNA kubadilika, inatokea kwa bahati, halafu inaenea au inapotea kwa bahati vilevile, maana si wote wanaozaa, na anayezaa anampa mtoto nusu tu ya alichonacho. Hiyo ndiyo kuyumba kwa jeni. Mwanasayansi Kimura wa Japani alilisema hili mwaka 1968 na bado mnamwimba Darwin na uteuzi wake asilia peke yake. Uwanja ni wenu. Ila nyie mnaozaa uzeeni msije kuuliza mutesheni zinatoka wapi. Zinatoka kwenu.

Nyuki Mkali
Bahati haijengi jicho wala bawa. Lete mfano mmoja, mmoja tu, tufunge uzi.

Kiroboto
Jicho nimelitaja wapi? Nimesema mabadiliko ya DNA, sijasema viungo. Watu mnakuja na hoja mfukoni mnatafuta pa kuimwaga.

Bi. Hesabu
Kuna jaribio la mtafiti Buri la 1956. Chupa 107 za nzi wa matunda, kila chupa madume 8 na majike 8, zote zimeanza na aina mbili za jeni moja ya rangi ya macho, nusu kwa nusu. Kizazi kipya kikitoka, wanaokotwa 16 bila kuchagua, wanahamia chupa mpya, waliobaki basi tena. Baada ya vizazi 19, zaidi ya nusu ya chupa zilikuwa zimebakiwa na aina moja tu, hizi na hii, zile na ile, idadi karibu sawa. Chakula kilekile, matunzo yaleyale. Ungeletewa chupa mbili za mwisho bila kuambiwa zilikotoka, Nyuki, ungetuandikia kurasa kumi za faida ya kila rangi.

Nyuki Mkali
Nzi 16 kwenye chupa! Porini kuna mamilioni. Palipo na mamilioni bahati haina nguvu.

Sisimizi
Duma nao ni mamilioni? Miaka ya 1980 walibandika ngozi ya duma mmoja kwa mwingine asiye ndugu yake na mwili haukuikataa kama ilivyotarajiwa, jinsi jeni zao zinavyofanana. Na sili-tembo wa kaskazini waliwindwa karne ya 19 mpaka wakabaki wachache sana, wengine husema 20, wengine 100. Leo wamepita laki moja na DNA zao bado hazina tofauti za maana. Nani aliwachagua wale waliobaki? Mwindaji aliyechoka?

Mzee Kijana
Nimesoma yote, nimekwama pale mwisho pa mleta mada. Mimi mtoto wangu wa mwisho nimempata ndevu zimeshakuwa nyeupe, na darasani anaongoza. Naomba nielezwe, mimi ni kiwanda cha kasoro?

Kiroboto
Shikamoo mzee wangu. Ulikuwa utani.

Mzee Kijana
Marahaba. Utani wenye takwimu ndani yake siuchekei. Leta takwimu.

Fundi Mitambo
Zipo mzee, usikasirike. Kila mtoto anazaliwa na mutesheni mpya kama 60 au 70 ambazo wazazi hawakuwa nazo, na nyingi ni za upande wa baba. Mayai ya mama huanza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni. Mbegu za baba zinaendelea kunakiliwa maisha yote, na panaponakiliwa panakosewa. Watafiti wa Iceland mwaka 2012 walikuta kila mwaka wa umri wa baba unaongeza kama mutesheni mbili. Waliofuata wameshusha kidogo, moja na nusu hivi.

Mzee Kijana
Mbili kwa mwaka, katika herufi bilioni 3! Ndizo zilizokupa jeuri hiyo? Tena nyingi zinaangukia sehemu ya DNA isiyotengeneza protini yoyote, hazimdhuru mtoto wala hazimsaidii.

Kiroboto
Mzee, hizo zisizodhuru wala kusaidia ndizo za Kimura. Umeniandikia mada upya, asante kwa kuniunga mkono.

Mzee Kijana
Sijakuunga mkono. Nimemtetea mwanangu.

Nyuki Mkali
Mnahangaika bure. Wenye kasoro uteuzi utawachuja, ndiyo kazi yake.

Mama Pacha
Huwa nasoma tu bila kuandika, leo imebidi. Watachujwa na nani, kaka? Mwanangu ana selimundu. Chunga kauli.

Nyuki Mkali
Pole dada, nilisema jeni, sikumlenga mtoto. Ila selimundu ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Herufi moja tu, A ikawa T, na imedumu vizazi na vizazi kwenye malaria kwa sababu mwenye nakala moja malaria kali haimwangushi kirahisi. Hiyo nayo bahati?

Mama Pacha
Nakala moja. Wangu anazo mbili. Hao wanaopona malaria mnawahesabu, usiku anaolia kwa maumivu ya mifupa mmeuandika upande gani?

Kiroboto
Dada pole sana. Nyuki, hata hapo herufi haikubadilika kwa kuitwa na malaria. Watafiti Luria na Delbrück walionyesha mwaka 1943: bakteria wanaohimili virusi walikuwa wameshabadilika kabla virusi havijaletwa. Wangebadilika kwa ajili ya virusi, kila sahani ingekuwa na idadi inayokaribiana. Badala yake nyingine zilikuwa tupu na nyingine zimejaa.

Mama Pacha
Haya, tumehamia kwenye sahani.

Bi. Hesabu
Nimjibu Nyuki kuhusu mamilioni yake. Kwenye watu N kuna nakala 2N za kila jeni. Mutesheni mpya isiyo na faida wala hasara ina nafasi moja kati ya 2N ya kuenea kwa wote. Lakini watu wakiwa wengi, mutesheni mpya nazo ni nyingi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo N inajifuta. Mamilioni hayazimi kitu, yanaichelewesha tu kila moja kufika mwisho.

Mzee Kijana
Binti yangu Mama Pacha, mtoto ameanzishiwa haidroksiyurea?

Mama Pacha
Ameanza, mzee. Maumivu yamepungua, hospitali hatuendi kama zamani. Daktari alisema inaamsha ile hemoglobini ya damu aliyokuwa nayo akiwa bado tumboni mwangu.

Fundi Mitambo
Ni kweli. Na wapo watu waliozaliwa na mutesheni inayowaachia hemoglobini hiyo mpaka ukubwani. Hao hata wakirithi selimundu kwa kawaida hawateseki sana. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoiga hali hiyo: wanachukua seli za uboho wa mgonjwa, wanahariri swichi ya BCL11A, jeni inayoizima hemoglobini hiyo, wanamrudishia.

Nyuki Mkali
Kwa hiyo kuna mutesheni nzuri. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Sisimizi
Hukusema.

Mama Pacha
Hiyo tiba ni bei gani?

Fundi Mitambo
Marekani inapita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Na kabla ya kurudishiwa seli anapewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, si jambo dogo.

Mama Pacha
Basi sisi tunaendelea na vidonge.