Kufunga picha za faragha kwa nywila kwenye simu

Swali: Ndugu zangu, simu yangu hutumiwa pia na watoto, nami ningependa picha chache zisifunguke bila nywila hata simu yenyewe ikiwa wazi. Je, nipakue programu ya kufungia picha?

Jibu la kwanza: Usianzie huko, kwani baadhi ya programu hizo huficha faili tu bila kuzisimba, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo. Kwenye iPhone, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, albamu ya picha zilizofichwa huweza kufungwa kwa uso, alama ya kidole au nambari ya siri. Simu nyingi za Samsung zina Secure Folder, yaani folda yenye kufuli, na Google Photos ina folda yake ya kufungwa.

Jibu la pili: Nakubaliana, ila ikiwa watoto wanaijua nambari ya kufungulia simu, folda ya Google Photos haitakufaa, kwa kuwa hutumia nambari hiyohiyo, ilhali Secure Folder hukubali nywila yake ya pekee.

Muuliza swali: Ahsanteni. Na nikiiondoa programu ya Google Photos?

Jibu la pili: Picha za folda hiyo ya Google ambazo hazina nakala kwenye akaunti yako zitapotea, kwa hiyo zihamishe kwanza. Zile ulizokwisha kuwatumia watu, bila shaka, hakuna kufuli litakalozigusa.