Kwenda nyota ya jirani: tanga la leza au injini ya nyuklia?

Kibirizi Juu: Wakuu, Proxima Centauri ndiyo nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua, miaka ya mwanga 4.24. Chombo cha Voyager 1 kiliondoka duniani 1977, kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kingechukua zaidi ya miaka 70,000. Mimi niko upande wa tanga: chombo cha gramu chache, kisibebe mafuta, kisukumwe na leza kutoka duniani. Mradi wa tanga kama hilo, Starshot, ulipotangazwa 2016 ulilenga moja ya tano ya kasi ya mwanga, safari ya miaka ishirini na kitu. Mnasemaje?

Mtu wa Isevya: Leza hiyo ni gigawati 100. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Piga hesabu, mabwawa 47! Halafu ukifika unasimamaje? Jibu ni kuunganisha viini vya atomu, nguvu ileile ya Jua. Waingereza walichora chombo cha namna hiyo, Daedalus, miaka ya 70, asilimia 12 ya kasi ya mwanga.

Kibirizi Juu: Leza inawaka dakika chache tu, si mwaka mzima. Ila mtu wa Tabora atajulia wapi habari za tanga? Ziwa mnalo?

Mtu wa Isevya: Hapo umevuka mpaka. Hiyo meli ya Liemba mnayoringia nyie wa Kigoma ilitoka Ujerumani ikiwa vipandevipande kwenye makreti, ikapita Tabora kwa reli. Tungeamua kuishusha hapa mngekodolea nini macho?

Binti Ujiji: Wakati huo haikuwa Liemba, kaka. Ilikuwa Graf von Goetzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924.

Mwanagungu: Wabelgiji ndio walioanza kuiibua, mbona hamuwataji?

Binti Ujiji: Waliiibua ikazama tena. Sasa hiyo nayo ni kuibua?

Mwanagungu: Kazi ngumu ni ya anayeanza, dada. Babu zetu walizama na kamba, leo wanafutwa kwa sentensi moja.

Fundi Redio: Jamani, nyota! Isevya, umemuuliza mwenzio breki, na Daedalus yako haikuwa nayo. Ilikuwa ipite tu nyota ya Barnard baada ya miaka kama 50. Tena ilibeba tani 50,000 za mafuta, na sehemu ya mafuta hayo, gesi ya helium-3, ilikuwa ichotwe kwenye sayari ya Jupita. Nani wa kuichota?

Mtu wa Isevya: Sikusema ina breki. Nimesema ina injini.

Mwanagungu: Injini hata Liemba ilikuwa nayo, ya mvuke. Miaka ya 70 wakaweka ya dizeli.

Fundi Redio: Na hapo ndipo penye shida. Liemba iko hapa, fundi anapanda na spana. Hicho chombo kikishaondoka hakuna wa kukifuata. Injini ya nyuklia yenye maelfu ya vipande ikae miaka 50 bila fundi? Bora leza, mtambo unabaki nyumbani, ukiharibika tunautengeneza.

Kibirizi Juu: Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Mtu wa Isevya: Wewe ulisema hatuna ziwa. Bwawa la Igombe umelisahau? Niombe radhi kwanza, injini baadaye.