Mdogo wangu kanaswa Myanmar, ajenti yuko hapa hapa Malindi. Naanzia wapi?

BintiShela: Asalaam aleikum wanajamvi. Mdogo wangu aliahidiwa kazi ya hoteli Thailand. Mama akauza bangili zake mbili za dhahabu. Juzi katuma lokesheni: Myawaddy, Myanmar, ng'ambo ya mto unaopakana na Thailand. Pasipoti wamemnyang'anya, usiku kucha anatapeli watu mtandaoni kwa picha za msichana asiyemjua. Kituoni nikaambiwa kosa limefanyika nje ya nchi, hawana la kufanya. Na ajenti namuona kila jioni barazani akinywa kahawa!

Kijana_wa_Barani: Pole dada. Lakini si alikubali mwenyewe?

WakiliMstaafu: Kukubali kwa kudanganywa si kukubali, kijana. Soma Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010. Na kosa halikuanzia Myanmar, lilianzia hapo barazani: kumsajili mtu kwa hila ili akatumikishwe ndilo kosa lenyewe. Adhabu yake si chini ya miaka 30 jela, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Dada, rudi kituoni, usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wakikuzungusha, panda gari uende Mombasa, DCI, idara ya upelelezi, wana kitengo cha kesi hizi. Kumtoa huko ni shughuli nyingine: polisi wetu hawawezi kuingia Myanmar na pingu. Andikia ubalozi wetu Bangkok leo, usingoje kesi.

BintiShela: Anaogopa akirudi atashtakiwa kwa utapeli.

WakiliMstaafu: Sheria hiyo hiyo inamkinga mhasiriwa kwa makosa aliyosukumwa kuyatenda kwa sababu ya kusafirishwa. Aeleze yote, asifiche.

MamaFatu: Mwanangu, angalia kama huyo ajenti yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kama hana leseni, hilo ni kosa la pili. Pesa ulimpa mkononi au kwa M-Pesa? Na tafadhali usimwendee barazani kumtukana. Ajenti wangu wa Saudia nilimfokea, kesho yake laini imezimwa, nyumba tupu.

BintiShela: M-Pesa, mara tatu, meseji zote ninazo na jina lake kamili. Alasiri hii kapita mlangoni, kaniuliza habari za mdogo wangu. Nikamwambia salama.