Walimu wa gofu, kupiga mpira mbali si kujua kufundisha. Mmetuchosha!

Wakuu,

Huu uzi ni gazeti na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyependa kusoma apite, sitamlaumu.

Kuna kundi la watu wanaojiita walimu wa gofu ambao mtaji wao wote ni kwamba wao wenyewe wakipiga mpira unakwenda. Basi. Ukimuuliza kwa nini wako unakula kona, anakunyang'anya fimbo, anakusogeza pembeni, anaanza kupiga yeye. Nimesimama pale, ndani ya muda nilioulipia mimi, nikimtazama mtu mzima akijifurahisha. Wa kwanza umenyooka. Wa pili umenyooka. Watu wa pembeni wanageuka kutazama, naye anajua anatazamwa, basi anaongeza madoido: akimaliza swingi, ule mzunguko wa kupiga, anaganda na fimbo begani mpaka mpira utue. Ndoo ya mipira inazidi kupungua. Kisha ananirudishia fimbo yangu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, fanya hivyo."

Hivyo vipi, ndugu yangu? Nilichoona ni mpira unaruka. Kama kutazama kungetosha, wote tunaoshinda mbele ya runinga wakati wa Masters, yale mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, tungekuwa tumeshavaa koti la kijani la bingwa.

Halafu kuna hili la "umeinua kichwa". Ukipiga mpira ukabiringika chini kwa chini, umeinua kichwa. Ukichota udongo kabla ya mpira, umeinua kichwa. Ukiukosa kabisa, umeinua kichwa. Hilo hata mpita njia angeniambia, tena bure. Mara nyingi kichwa kikiinuka ni kwa sababu mwili mzima umeinuka: nyonga zimesogea kuelekea mpira, mgongo umenyooka, mikono imekosa nafasi ya kupita. Kichwa kimefuata tu. Mwalimu anayejua atatafuta kilichoanza. Asiyejua atakuambia ukigandishe, nawe utatii, mwili utashindwa kuzunguka, na utarudi nyumbani na tatizo lilelile pamoja na shingo inayouma.

Bingwa Annika Sörenstam alikuwa anazungusha kichwa kuelekea anakopiga hata kabla fimbo haijamalizana na mpira. Bingwa mwingine, David Duval, vivyo hivyo. Duval alipiga raundi ya mikwaju 59 mwaka 1999, Sörenstam akapiga 59 yake mwaka 2001, na kwenye gofu mikwaju michache ndiyo ushindi. Nao waitwe waambiwe wameinua kichwa?

Ila kinachonipandisha presha kuliko vyote ni mwalimu asiyejua kwa nini mpira unakwenda unakokwenda. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi tunapoliwa.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mpira unaanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, halafu unaishia pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama. Zilipokuja rada za kufuatilia mpira, TrackMan ya Denmark ikiwa miongoni mwa zilizotangulia, ikadhihirika kwamba mambo yako karibu kinyume. Mpira unaanzia, kwa sehemu kubwa, pale uso wa fimbo unapotazama wakati vinagusana. Kona inatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, uso ukiwa wazi kuliko njia, yaani unatazama kulia zaidi yake, mpira unapinda kwenda kulia. (Hapo umeupiga katikati ya uso. Ukiupiga kwenye ncha au karibu na shina, hasa kwa dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kuna mengine yanaingia.) Si elimu ya jana hii. Bado kuna watu wanakusanya ada wakifundisha yale ya zamani.

Sasa sikilizeni. Mpira wangu ulikuwa unaanzia kushoto kidogo ya bendera, kisha unapinda kulia mpaka vichakani. Mwalimu akatazama, akasema lenga kushoto zaidi. Nikalenga kushoto zaidi, ukapinda zaidi. Akasema bado, sogea tena. Ikafika mahali nimesimama natazamana na uzio wa pembeni, na mpira bado unaishia vichakani kulekule. Kumbe kila nilivyogeuza mabega kushoto ndivyo fimbo ilivyozidi kupita kutoka nje kuja ndani, na kwa kuwa uso wa fimbo mikono yangu iliendelea kuuelekeza kwenye bendera, ile tofauti ikawa inapanuka. Ushauri wenyewe ndio uliokuwa unalisha tatizo! Yeye anakuna kidevu, ananiambia nina haraka.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja mtaratibu asiye na makeke. Kabla sijapiga hata mpira mmoja akaniambia nishike fimbo nitulie, akautazama mshiko. Akauzungusha mkono wangu wa kushoto kidogo kuelekea kulia juu ya fimbo, mpaka nikitazama chini naona vifundo viwili vya vidole ambapo mwanzo sikuwa naona hata kimoja vizuri. Akaniambia piga, usibadilishe kingine. Haukunyooka siku ile. Ila kupinda kulipungua kuliko zamani na nikajua kwa nini, na ulipopinda tena nikajua pa kuangalia. Fimbo yangu hakuigusa isipokuwa kunisogeza ule mkono. Sijui kama anapiga mbali. Sijawahi kumwona akipiga.

Huyo alihama, ndiyo maana nikarudi sokoni. Na ukirudi sokoni ndiyo utaona vituko. Hawa jamaa wana tabia ya mafundi: neno la kwanza ni kumponda aliyetangulia. "Nani alikufundisha kushika hivi?" Anakunja uso, anatikisa kichwa, anatangaza kwamba lazima tubomoe tuanze upya. Mshiko, kusimama, kurudisha fimbo nyuma, kiuno, magoti, vyote kwa mpigo. Ukisimama mbele ya mpira una maagizo mengi kichwani hadi unasahau unapumua.

Hebu tuwe wakweli. Tiger Woods alishinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, kisha yeye na kocha wake wa wakati huo, Butch Harmon, wakaamua kuijenga upya swingi yake. Mwaka 1998 wote akaambulia taji moja tu la PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Woods huyo! Mtu ambaye kazi yake ni kupiga mpira kutwa kucha. Halafu wewe unaniahidi mimi, ninayegusa fimbo mwisho wa wiki, swingi mpya kabisa ndani ya vipindi vichache?

Na hiyo swingi mpya ni ya nani? Ni ya kwake. Anatoa simu, anaweka video yangu kando ya video ya bingwa fulani, anachora mistari myekundu, anasema unaona tofauti? Naiona. Yule ana miaka ishirini na kitu, kiuno kama cha nyoka, na mimi mgongo wangu ni mbovu. Hilo hakuuliza. Hakuuliza nina umri gani, niliwahi kuumia wapi, nafanya mazoezi mara ngapi, nataka kushindana au nataka tu nisiaibike nikicheza na wenzangu. Mwalimu ambaye hajauliza chochote anawezaje kujua anifundishe nini?

Mchezaji Jim Furyk swingi yake inapiga kitanzi hewani, ukiiona mara ya kwanza unacheka. Alifundishwa na baba yake, na baba aliona kitanzi kile akakiacha, kwa sababu fimbo ikifika kwenye mpira inafika sawasawa. Akashinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akapiga raundi ya 58, ambayo hakuna aliyekuwa ameipiga kabla yake kwenye PGA Tour. Angeangukia mikononi mwa hawa wachora mistari tungemsahau. Na marehemu mwalimu Harvey Penick wa Texas, aliyewalea Tom Kite na Ben Crenshaw kimchezo tangu wakiwa wadogo, hakutaka mmoja asikilize somo la mwenzake, maana maneno yanayomfaa huyu yangeweza kumharibu yule. Wote wawili walikuja kushinda mataji makubwa, kila mtu na swingi yake.

Lingine ni mikeka. Kuna walimu hawajawahi kumtoa mwanafunzi kwenye mkeka wa plastiki. Mkeka ni mwongo. Fimbo ikitua nyuma ya mpira, mkeka unaitelezesha mbele na mpira unaruka vizuri tu, mwalimu anapiga makofi, unaondoka kifua mbele. Nenda sasa kwenye nyasi na chuma namba saba, ile fimbo inazama kwenye udongo, mpira unaruka hatua tatu na kipande cha nyasi kinaupita. Mwalimu anayekujali atakupeleka uwanjani, hata mashimo mawili matatu, akuone ukiwa kwenye mteremko, ukiwa kwenye bunka, lile shimo la mchanga, ukiwa na mti mbele yako na watu nyuma wanasubiri upige. Huko ndiko gofu iliko.

Pata nayo, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, hawafundishi. Uwanja wa par 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, wenye mashimo 18 umekuhesabia mikwaju miwili ya griini, pale kwenye nyasi fupi zenye shimo, kila shimo, jumla 36, nusu ya hesabu nzima. Uliza wangapi wamewahi kupewa somo zima la pata. Dreva tu, kwa sababu dreva ndiyo inayopendeza kwenye video.

Vyeti navyo visiwababaishe, wala msividharau. Chama cha PGA, yaani cha wanagofu wa kulipwa, cha Uingereza kilianzishwa 1901, cha Marekani 1916, na vyote vina mafunzo ya kweli kwa wanaofundisha. Lakini PGA Tour ya kwenye runinga ni kitu kingine, wachezaji wa mashindano walijitenga na PGA ya Marekani mwaka 1968. Mtu akijitapa "mimi ni PGA" muulize ni ipi na anafanya nini huko. Wengine PGA yao iko kwenye kofia tu. Na hata mwenye cheti halali, cheti kinasema amefundishwa, hakisemi ana subira na mtu kama wewe.

Kwa anayetafuta mwalimu sasa hivi: kabla hujatoa hela, omba ukae pembeni umwangalie akimfundisha mtu mwingine, tena anayeanza, siyo yule mwanafunzi wake hodari wa kuonyeshea wageni. Tazama nani anaongea zaidi na nani anapiga zaidi. Mwanafunzi akiondoka, muulize alichojifunza. Akikutajia kitu kimoja kwa maneno yake mwenyewe, huyo mwalimu ana kitu. Akikutajia tisa, kimbia. Na mwalimu akikataa kutazamwa, mjadala umeisha hapo.

Usinunue vipindi kwa jumla siku ya kwanza hata ukipewa punguzo la namna gani. Nunua kimoja.

NYONGEZA: Kuna mdau anasema siku hizi video zipo mtandaoni, walimu wa nini. Mkuu, video inajua kila kitu isipokuwa wewe unafanya nini. Unadhani unaigiza anachosema, kumbe unafanya kinyume, na hakuna wa kukuambia. Sijasema walimu wafutwe, nataka wafundishe.

NYONGEZA 2: Mdau mwingine anauliza, kwa hiyo mchezaji mzuri hawezi kuwa mwalimu mzuri? Anaweza sana. Ila kuna waliozaliwa na mkono, hawakuwahi kuhangaika na kitu, kwa hiyo hawajui kinavunjika wapi na kinatengenezwaje. Ukimkuta aliyecheza kwa kiwango cha juu na pia anajua kueleza, mshike asikutoroke.

NYONGEZA 3: Dada aliyeuliza kuhusu walimu wanaowapa wanawake wote somo lilelile la "piga taratibu tu, usijitese", nakuunga mkono kabisa. Fungua uzi wako tuje, hilo linastahili uzi mzima.

NYONGEZA 4: Mnaouliza jina la huyu mwalimu wa mwisho, sitaji, moderator wasije wakanifungia. Vipindi nilivyolipia bado anavyo na pesa yangu bado anayo. Nikimwandikia kuidai ananijibu kwa picha ya kikombe alichoshinda juzi.