Wapiga picha wa ndege wa uani, umeshuhudia nini? Tupeane uzoefu

Salaam wakuu. Sisemi wale wa mbugani wanaopigwa na lenzi ya bei ya bodaboda. Nasema hawa wetu, wa kwenye mwembe na kamba ya kuanikia nguo.

Naanza mimi, Tanga. Mnazi wa jirani umeinamia kwangu na minana wameuteka. Dume mmoja alichana makuti uzi kwa uzi, akafuma kiota, kisha akaning'inia chini ya mlango akipiga mabawa kuita wateja. Jike akaja, akaingia, akakagua kama mama mkwe, akaenda zake. Kiota kilipokauka na kugeuka kahawia, dume akakifumua mwenyewe, akaanza upya kuti lile lile! Za kujenga ninazo picha sitini. Ya kufumua sina hata moja, kadi ilijaa video za send-off ya binamu.

Mzee wa Sakina: Mimi gari langu lilikuwa linachafuliwa ubavuni kila asubuhi, nikamshuku mtoto wa jirani. Kumbe ni ndege chozi, anapigana na sura yake kwenye kioo cha pembeni! Akijiona anadhani dume mwenzake kavamia eneo. Nikavisha vioo soksi. Faida niliyopata: ukikaa ndani ya gari kimya, ndege hawakujali. Picha zangu zote kali nimepigia humo, kiti cha dereva, kamera juu ya mto wa kulalia dirishani.

Lenzi Mtumba: Nilinunua lenzi kwa mtu, bei ya kutupa. Kila picha kama nimepiga alfajiri ya Lushoto yenye ukungu. Fundi akaimulika na tochi: kuvu ndani, imejitandaza kama utando wa buibui. Dar hii na joto na unyevu wake, usifungie lenzi kwenye begi la ngozi. Mimi sasa natumia kopo la plastiki lenye mfuniko, ndani natia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Na ukinunua, nenda na tochi.

Bin Kisauni: Yangu haichekeshi. Shore alijenga kwenye mkomamanga, hatua tatu kutoka barazani, mayai mawili yenye madoa. Kila asubuhi nikawa nasogeza tawi kidogo nipate mwanga. Siku ya tano naona kunguru yuko juu ya paa, katulia, ananitazama mimi, si mti. Narudi adhuhuri, kiota kitupu. Hawa waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 eti wale taka, leo pwani nzima ni yao. Mwaka 2024 serikali yetu Kenya ilitangaza itaangamiza milioni moja. Sawa, lakini lile tawi nililisogeza mimi. Siku hizi kiota sikisogelei kabisa.

Mama Pili: Poleni. Mnawawekea chakula?

Lenzi Mtumba: Maji tu, dada. Sahani ya udongo, pana, isiyo na kina, na jiwe katikati wapate pa kukanyaga. Saa nne jua likianza kuwaka, shomoro wanaoga kwa zamu.

Mbongo wa Leicester: Huku mwisho wa Januari Waingereza wanakaa dirishani saa nzima kuhesabu ndege wa bustanini, utaratibu wa tangu 1979. Unaandika idadi kubwa uliyoona kwa mpigo, usije ukahesabu yule yule mara tano. Nilicheka mwanzoni, sasa nachemsha chai mapema. Ila rafiki yangu ni robin, kifua chekundu. Nikichimba ananifuata, anasubiri minyoo. Juzi katua juu ya buti langu. Nilikuwa nimelivaa, basi picha imetikisika.

Mwanzisha mada: 😂😂 Mzee wa Sakina, zile soksi zilisaidia?

Mzee wa Sakina: Kahamia dirisha la jikoni. Mama watoto anataka pazia jipya.