Kiyoyozi cha Mama Atieno na suala la gesi

Kikundi: Majirani wa Milimani, Kisumu

Jumanne

Mama Atieno: Habari za jioni, majirani. Kiyoyozi cha sebuleni kinatiririsha maji ukutani, na kikishafanya kazi kwa muda, upepo wake hufifia hadi hausikiki. Fundi aliyekuja asubuhi aligusa bomba kwa mkono, akasema kwamba gesi imekwisha na kwamba ni lazima iongezwe kila mwaka. Ningependa kusikia maoni yenu kabla sijamlipa.

Mzee Barasa: Mimi hufungua madirisha, upepo wa ziwani ukaingia bila fundi wala bili. Hata hivyo, Mwalimu Ouma amefundisha mambo ya majokofu kwa miaka mingi, tumsubiri.

Mwalimu Ouma: Shikamoo, Mzee. Mama Atieno, gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, ikichukua joto la chumbani na kulitoa nje, na kiasi kilichowekwa siku ya kwanza hutakiwa kubaki kilekile kwa miaka. Ikiwa imepungua, inavuja mahali fulani, na anayeiongeza bila kuutafuta mvujo huo anakuuzia kitu kitakachopotea tena. Tafadhali kizime, ufunue kifuniko cha mbele na utuambie unachokiona.

Mama Atieno: Nyuma ya chujio kuna barafu. Chujio lenyewe limefunikwa na vumbi pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani.

Mwalimu Ouma: Barafu huletwa na mambo mawili hasa, chujio lililoziba au gesi pungufu, basi tuanze na lile lisilo na gharama. Hewa ya chumba isipopita vizuri, mabomba ya ndani hupoa chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa, ambao hapa kwetu si haba, huganda juu yake. Kizime kwenye swichi ya ukutani, uiache barafu iyeyuke yenyewe, wala usiibandue kwa kisu, kwa sababu bomba likitoboka utakuwa na hasara kubwa kuliko ya leo. Osha chujio kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ulianike kivulini. Miezi ya vumbi kama Januari na Februari, lioshe kila wiki mbili.

Bi. Zaituni: Je, ile sehemu ya nje yaweza kuoshwa kwa mashine ya kuoshea magari? Mlinzi wetu amejitolea.

Mwalimu Ouma: Hapana, Bi. Zaituni. Mapezi yale ya alumini hupinda, hewa ikakosa njia. Umeme uzimwe, kisha atumie mpira wa kawaida wa bustani. Kifuniko cha nyaya asikifungue, kwani kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme ndani yake, huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa.

Alhamisi

Mama Atieno: Mwalimu, upepo umerudi na maji yamekoma, lakini chumba hakipoi ipasavyo. Huko nje, lile bomba jembamba lina barafu, na nati yake ina doa la mafuta.

Mwalimu Ouma: Basi fundi hakukosea kusema gesi imepungua, alikosea kusema ni kawaida. Mafuta ya kompresa, ile mashine inayoisukuma gesi, husafiri pamoja nayo, kwa hiyo doa hilo huonyesha inapotokea. Apake povu la sabuni kwenye nati, na mapovu yakifura, aitoe gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya bila kuiachia hewani, aitengeneze upya ncha ya bomba, avute hewa yote kwa pampu ya vakuumu, kisha aweke gesi kwa kuipima kwenye mizani. Aina na uzito vimeandikwa kwenye kibandiko cha nje.

Mama Atieno: Kimeandikwa R410A. Yeye alikuja na mtungi wa R22.

Mwalimu Ouma: Asithubutu! Shinikizo na mafuta yake ni tofauti kabisa, na isitoshe R22 ni miongoni mwa gesi zinazoondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Muulize kama ana mizani na pampu. Akikosa kimojawapo, tafuta mwingine.

Mama Atieno: Nimemuuliza, hana mizani. Bi. Zaituni amenipa nambari ya fundi mwingine, naye atafika Jumamosi saa nne asubuhi. Mwalimu, ukipata nafasi, tafadhali uwepo.

Mwalimu Ouma: Nitakuwepo.

Mzee Barasa: Nami nitakuja, mradi chai iwepo.