Msaada: kupeleka WAR kwenye Tomcat tatu bila kukopi kwa mkono

fundi_stoo: Habarini wakuu. Nina app ya Java ya stoo ya dawa, inakaa kwenye Tomcat 9 (programu inayoendesha app za Java) seva tatu, nyuma yake databesi ya PostgreSQL. Kila nikigusa kitu nabildi WAR (faili moja lenye app nzima) na Maven alafu nakopi seva moja moja, na paswedi ya databesi imo humohumo ndani ya WAR kwa hiyo nabildi mbili, ya majaribio na ya laivu. Ijumaa nikapeleka ya majaribio kwenye laivu, watu wakaingiza mapokezi mchana kutwa kwenye databesi ya majaribio bila kujua, jumamosi nimeshinda nahamisha rekodi. Wengine wananiambia Docker (ya kufungasha app na mazingira yake), wengine Ansible (ya kupeleka vitu kwenye seva nyingi kwa amri moja), wengine Jenkins, nianze na ipi? Bajeti sifuri.

babu_logi: Pole sana kaka. Ila ukiweka Ansible leo itakupelekea WAR isiyo yenyewe kwa spidi zaidi tu 😂 Toa kwanza konfigi (mipangilio kama hiyo paswedi) ndani ya WAR. Tomcat inasoma faili la conf/Catalina/localhost/stoo.xml (jina lifanane na la app), humo ndo unaweka Resource (maelezo ya kuunganisha) ya databesi na paswedi yake, app yenyewe iiombe kwa jina la JNDI (jina ambalo app inamtajia Tomcat kupata kitu) basi. Memori na vigezo vya JVM (injini ya Java) peleka bin/setenv.sh. Waangalie DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya), WAR ileile inatumika nchi kibao, kila seva ina dhis.conf yake pembeni. Ukishakuwa na WAR moja, Ijumaa yako haijirudii.

mama_seva: Babu kasema kweli, alafu sasa njoo Ansible. Seva zako hazihitaji kuwekewa ejenti (programu ya ziada ya kupokea amri), ni SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) na Python tu. Hiyo stoo.xml igeuze templeti, paswedi zifungie kwenye ansible-vault (kasha la siri la Ansible), na tafadhali weka serial: 1 ziende moja baada ya nyingine, ya kwanza ikifa zingine hazijaguswa. Jenkins ni ya kubildi, seva tatu hata bila hiyo utaishi. Docker nzuri ila utajifunza vitu viwili kwa mpigo na mabosi wanakusubiri.

kijana_war: Mbona hamjamtajia parallel deployment? Unaita stoo##001.war, kesho stoo##002.war, waliokuwa ndani wanamalizia toleo la zamani wapya wanaingia jipya. Sifuri usiziache, Tomcat inalinganisha kama maandishi, ##10 itaonekana ya zamani kuliko ##9, mimi ilinila usiku mzima.

mama_seva: Sawa ila matoleo mawili yanakula memori kwa pamoja, na ile xml nayo inabidi iitwe stoo##002.xml. Alafu fundi usije ukachanganya na kuhamia Tomcat 10 siku hiyohiyo, kule majina ya paketi za Java yaliyoanza na javax yamekuwa jakarta, msimbo (code) wako hautawaka.

fundi_stoo: Asanteni. Nimejaribu ya babu kwenye seva ya majaribio, imegoma, logi inasema ClassNotFoundException org.postgresql.Driver, na jar yake (faili la draiva ya PostgreSQL) ipo kabisa ndani ya WAR, WEB-INF/lib 😩

babu_logi: Aah nilisahau. Sasa anayefungua konekshen ni Tomcat, haoni ndani ya app yako. Jar ya PostgreSQL itoe huko uiweke folda ya lib ya Tomcat, urestati.

fundi_stoo: Imewaka!! Naenda kusoma vault.